Uyoga wa kuoka: kwa nini wangu unaishia kuogelea kwenye maji?

#1 Mpishi_wa_Forest
Wakuu habari za jioni.

Nipo Mbeya mjini, Forest Mpya. Uyoga nanunua sokoni Mwanjelwa, mara nyingi mamama (oyster, ule wa kofia bapa), na ule wa vifungo (button) nikiukuta supamaketi. Ninachotaka ni kitu kidogo tu cha pembeni ya sahani: nyama hapa, ugali pale, uyoga wa kuoka kando. Sitaki mchuzi, sitaki karanga, sitaki nazi. Nautaka umekauka kingo, una rangi ya kahawia, ukiutafuna unajua umetafuna kitu.

Ninavyofanya: naosha, nakata, nachanganya na mafuta ya alizeti, chumvi na kitunguu saumu cha kutwanga, namimina kwenye trei, naingiza kwenye oveni ya umeme, moto 180. Dakika kumi baadaye nikifungua mlango nakuta bwawa. Uyoga unaelea, rangi ya majivu. Nikiuacha mpaka maji yaishe, kitunguu saumu kimeshaungua kimekuwa kichungu na uyoga unatafunika kama raba.

Shida iko wapi? Kuosha? Chumvi? Oveni? Au uyoga wetu wa huku ndio wenye maji?

#2 Kijana_wa_Kabwe
Nipo palee, nasubiri wajuzi. Ila uzi wa msosi bila picha ni dharau kwa wenye njaa.

#3 mama_Ilomba
Umejijibu mwenyewe hapo kwenye "naosha". Uyoga hauoshwi, mwanangu. Unachukua kitambaa kibichi unafuta kofia moja moja, kitako unakikata, basi. Ukishautumbukiza kwenye beseni umekunywa maji, na maji hayohayo ndiyo unayoyaona kwenye trei. Mimi nimelelewa hivyo na wanangu nimewalea hivyo.

#4 Fundi_Majiko
Mama heshima yako, lakini hata asipouosha bwawa litakuwepo. Uyoga mbichi karibu asilimia 90 ni maji. Nusu kilo aliyonunua ina kama gramu 450 za maji ndani kwa ndani. Hilo bwawa halikutoka bombani.

Tatizo ni moto. Hizi oveni ndogo za mezani, mlango haubani sawasawa, ukiandika 180 ndani unaweza usiikute hata 160. Halafu kitu kikiwa kimelowa juu hakiwezi kupita kiwango cha maji kuchemka hata ufanyeje, wakati ile rangi ya kahawia na harufu ya kuchoma zinaanza kuja kwenye nyuzi 140 hivi. Kwa hiyo kazi yako ni kuyafukuza maji haraka kuliko uyoga unavyoyatoa. Weka 220. Trei iwe ndani, tupu, ipate moto robo saa nzima, ndipo umwage uyoga. Ukisikia "chwaaa" umepatia. Usiposikia kitu, rudisha trei.

#5 Mnyalukolo_Kihesa
Kamwene wote. Fundi kasema moto, sawa, lakini hatujaambiwa trei ina ukubwa gani. Nyie watu wa mjini mnanunua pakiti mbili mnarundika kwenye trei moja. Uyoga uliorundikana unapikana kwa mvuke wa mwenzake, hapo hata uwe na moto wa tanuri la matofali utachemsha tu. Tandaza tabaka moja, kipande kisiguse kipande, upande uliokatwa ulale chini. Unaobaki usubiri awamu ya pili.

#6 Mpishi_wa_Forest
Mnyalukolo, ni nusu kilo kwenye trei iliyokuja na oveni. Ndogo kweli, mkono mmoja unaifunika.

#7 Mnyalukolo_Kihesa
Basi usitafute mchawi.

#8 Mwalimu_Sayansi
Mmeiruka chumvi kama vile haipo. Chumvi ikigusa uyoga mbichi inavuta maji nje, sayansi ya darasani kabisa. Kata uyoga, nyunyizia chumvi, subiri dakika kumi, utaona matone yenyewe juu ya ubao. Mleta mada anatia chumvi kabla ya kuoka, kwa nini asipate bwawa? Chumvi iwekwe mwishoni, ukishatoa trei. Kitunguu saumu nacho kiingie dakika tano za mwisho, hapo hakiungui.

#9 Fundi_Majiko
Mwalimu, kwenye kitunguu saumu nakuunga mkono. Kwenye chumvi hapana. Moto wenyewe unavunja seli za uyoga na maji yatatoka tu, uweke chumvi usiweke. Chumvi inawahisha, basi. Tena yakitoka mapema yanakauka mapema. Mimi natia chumvi mwanzoni na sijawahi kupika supu.

#10 Mwalimu_Sayansi
Una oveni kubwa ya feni wewe, usitulinganishe.

#11 Mzani_Mkononi
Kuhusu hoja ya mama kule #3. Nina mzani wa jikoni. Uyoga wa vifungo gramu 250, nikauloweka kwenye beseni dakika tano, nikaukung'uta na kuufuta, nikapima tena: 258. Gramu nane hazijai hata kijiko cha chakula. Ukilinganisha na maji yaliyomo ndani tayari, kuosha ni kusingiziwa.

Lakini mamama uliozidi zaidi, sikumbuki vizuri kiasi. Nadhani ni kwa sababu vile vijani vya chini ya kofia viko wazi, maji yanajibanza humo. Kwa hiyo wenye vifungo osheni tu, wenye mamama suuzeni haraka kofia ikiangalia juu.

#12 mama_Ilomba
Mzani wenyewe ni ule wa kupimia dhahabu Chunya? Gramu nane mwanangu, unaziona wapi.

#13 Mzani_Mkononi
Hahaha mama, wa keki huu. Wa dhahabu ningekuwa nahangaika na uyoga?

#14 Kijana_wa_Kabwe
Mama kapigwa na mzani, bado anasimama.

#15 Mkulima_Mamama
Mimi ndiye ninayelima huo uyoga mnaousema, si wa Mwanjelwa tu, napeleka na Uyole. Ngoja niwape upande wa shambani.

Mamama tunaupanda kwenye mabua ya maharage, magunzi, au maranda, tunayachemsha kwanza kuua wadudu na vimelea, tunafunga kwenye mifuko na mbegu, tunaweka chumba chenye giza. Ukianza kuchomoza unataka hewa na unyevu mwingi, kwa hiyo tunanyunyiza maji sakafuni na hewani kila siku. Mkulima mzuri anaacha kunyunyiza saa kadhaa kabla ya kuvuna ili kofia ikauke. Mkulima mwenye njaa ya kilo ananyunyiza asubuhi ileile ya kuvuna. Uyoga unauzwa kwa uzito, hesabu fanyeni wenyewe.

Halafu ukifika sokoni unawekwa kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha, unafungwa kwa juu. Ukikaa juani nusu siku unatoka jasho, ukiutazama vizuri kuna ukungu kwa ndani ya mfuko. Huo ukiuoka lazima ulie.

Ushauri wangu: chagua ambao kingo za kofia bado zimejikunja chini. Zikishapinduka juu ulichelewa kuvunwa. Fika nyumbani utoe kwenye plastiki, weka kwenye mfuko wa karatasi au kanga, uache wazi. Na kile kitako cha shina kinachoshika mafungu pamoja kitupe, hakilainiki hata ukioke mpaka asubuhi. Raba yako nadhani ilitoka hapo.

#16 Mpishi_wa_Forest
Mkulima asante sana. Kitako nilikuwa nakikata nusu tu.

#17 Mtoto_wa_Loleza
Nyote mnazunguka, jibu ni mwinuko. Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi. Kila ukipanda mita 300 kiwango cha kuchemka kinashuka kama nyuzi moja, kwa hiyo huku maji yanachemka kwenye 94, si 100. Ndiyo maana maharage yetu yanachelewa kuiva kuliko ya Dar. Mapishi yote ya mtandaoni yameandikwa na watu wa kule chini. Unafuata dakika za mtu wa pwani ukiwa Mbeya, unategemea nini?

#18 Mwalimu_Sayansi
Namba zako ziko sawa, hitimisho limepinduka. Maharage yanachelewa kwa sababu yamo ndani ya maji yenye nyuzi 94. Uyoga wa kuoka uko kwenye hewa ya oveni yenye nyuzi 200, hiyo haijui mwinuko. Tena kama maji yanachemka mapema, huku kwetu yangepaswa kukauka upesi zaidi. Mwinuko unamsaidia, haumwonei.

#19 Mtoto_wa_Loleza
Sasa mbona hajasaidiwa?

#20 Fundi_Majiko
Kwa sababu ya baridi, si mwinuko. Mwezi wa 6 na wa 7 chumba cha jiko asubuhi kina nyuzi ngapi? Kila ukifungua mlango wa oveni "nichungulie kidogo" moto wote umeondoka. Njombe na Makambako ndiyo usiseme. Tena umeme wa jioni unakuwa mdogo, koili inawaka wekundu wa kuonea haya.

#21 binti_Tukuyu
Mnaongea oveni, oveni. Sisi wa mkaa tumekosa nini?

Mimi natumia sufuria pana ya chini nene. Naiweka jikoni tupu mpaka ipate moto, natandaza uyoga na mafuta kidogo, nafunika kwa mfuniko wa bati na kupalia makaa juu kama unavyopalia wali. Moto wa juu uzidi wa chini. Baada ya muda naondoa mfuniko na makaa yake, mvuke unatoka puu, nafunika tena. Mara ya pili kufunua unakuta kingo zimeanza kuwa kahawia. Mkaa wa miwati unafaa, unashika moto na haurukiruki cheche.

Njia ya bibi yangu ni nyingine kabisa: jani la mgomba analibabua juu ya moto mpaka linalainika na kung'aa, anaweka uyoga, chumvi, pilipili kichaa na kitunguu, anakunja, anafunga kwa uzi wa mgomba wenyewe, anafukia kwenye majivu ya moto. Ukifungua, harufu ile majirani wanajua.

#22 Mnyalukolo_Kihesa
Dada, hiyo ya jani ni kuchemsha kwa mvuke, si kuoka. Mleta mada anakimbia maji, wewe unamfungia nayo ndani.

#23 binti_Tukuyu
Maji gani wakati jani likifunguliwa tunayafuta kwa ndizi? Ninyi watu wa Iringa uyoga mnaula kama dawa, mkavu mkavu.

#24 Kijana_wa_Kabwe
Mnyakyusa kila barabara inaishia kwenye ndizi. Endelea dada, tunakusikia.

#25 Shemeji_Makambako
Nimefanya kazi jikoni kwenye hoteli miaka mingi. Nitasema jambo mtanitukana: weka maji.

Ndiyo. Uyoga kwenye kikaango kipana, maji robo kikombe, moto mkali, bila mafuta. Utachemka, utanywea, maji yote yataisha, ya kwako na ya kwake. Ukisikia sauti imebadilika kutoka kububujika kuwa mlio mkavu, hapo ndipo unatia mafuta kijiko kimoja na chumvi, au unauhamishia kwenye trei ya oveni. Dakika chache umekuwa kahawia.

Sababu yake: uyoga mbichi una vijishimo vimejaa hewa. Ukitia mafuta mwanzoni unayanywa yote, unaongeza, unayanywa tena, mwisho unakula mafuta. Ukishachemka umejifunga, mafuta yanabaki juu yanafanya kazi yake.

#26 mama_Ilomba
Yesu wangu. Mtu analia maji, wewe unamwongezea ndoo.

#27 Fundi_Majiko
Mama, amini usiamini hiyo ya #25 inafanya kazi. Ila inapoteza ladha kidogo ukimwaga yale maji. Usiyamwage, yakaukie mulemule. Utamu wa uyoga umo humo.

#28 Nipo_Mafinga
Samahani natoka nje ya mada kidogo. Huku Sao Hill chini ya miti ya paini mvua zikinyesha kunatokea uyoga mwingi, kofia ya kahawia inateleza kama imepakwa kamasi, ukigeuza chini hauna vile vijani, una vitundu vidogovidogo vya njano. Wapo wanaosema unaliwa. Naweza kuuoka kwa njia hizi?

#29 Kijana_wa_Kabwe
Mkuu tangulia, sisi tutakuja msibani.

#30 Mla_Vyote
Rahisi. Chemsha na kitunguu maji, kikigeuka cheusi ni sumu, kisipogeuka kula. Au angalia kama siafu na konokono wameutafuna. Mdudu hali sumu.

#31 Nesi_Mstaafu
#30 futa hiyo tafadhali. Kitunguu, kitunguu saumu, mchele, sarafu ya fedha, vyote havipimi sumu ya uyoga. Na konokono anakula uyoga unaoua mtu, yeye hadhuriki.

Sikilizeni vizuri, maana uzi huu unasomwa na watoto. Uyoga unaoua zaidi una sumu ambayo moto hauiondoi. Uoke, uchemshe, ukaushe juani, sumu ipo palepale. Na huumwi hapohapo. Mara nyingi ni saa 6 mpaka 24 baadaye ndipo tumbo linaanza kukata, kutapika, kuharisha. Kisha mgonjwa anapata nafuu siku moja hivi, ndugu wanashukuru Mungu, wanarudi nyumbani. Kumbe ini linaharibika taratibu. Mtu akila uyoga wa porini akaumwa saa nyingi baadaye, asisubiri nafuu, apelekwe hospitali na mabaki ya huo uyoga yabebwe.

Kuhusu wa chini ya paini: huo wenye vitundu na ngozi ya kuteleza uliletwa pamoja na miti yenyewe, si wa misitu yetu ya asili, ndiyo maana wazee wengi hawana habari nao. Nchi nyingine wanaula, wanamenya ile ngozi kwanza. Lakini siwezi kukutambulia uyoga kwa maelezo ya mtandaoni na mtu mwingine yeyote humu asijaribu. Kama hapo kijijini hakuna mtu mzima anayeula miaka yote, uache ulipo.

#32 Nipo_Mafinga
Asante nesi, nimeelewa. Nauacha.

#33 Mla_Vyote
Lakini babu yangu alitumia kitunguu na alizeeka.

#34 Nesi_Mstaafu
Babu yako aliujua uyoga, mdogo wangu. Kitunguu kilikuwa kiungo.

#35 Babu_wa_Mufindi
Nesi kasema kweli. Huku kwetu mtoto alianza kufuata mama porini akiwa mdogo, anaonyeshwa huu ndio, huu siyo, huu unafanana lakini chini yake ukoje. Ulelema, kwa mfano, ni mtamu na watu wanaupenda, lakini una ndugu zake wa jamii ileile wanaoua, na ukiwa bado kichanga haujafungua kofia wanafanana mno. Kwa hiyo vichanga hatuchumi.

Ila nimekuja kwa ajili ya kuoka. Mvua zikishika, kwenye miombo unatoka wisogolo, ule wa rangi ya chungwa, kofia inayoishia kama faneli. Akina mama wanauuza kando ya barabara kuu kwenye ndoo na vikapu. Huo ndio uyoga wa moto mkavu. Tunautia kwenye kigae au kikaango bila mafuta, unalia maji, unayaacha yakauke, unageuza mpaka harufu ibadilike, mwisho chumvi na mafuta ya alizeti kidogo. Unakula na ugali, na ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ukiwepo pembeni hakuna ubaya.

Na mama wa #3: wisogolo usipouosha utatafuna mchanga mpaka meno yaishe. Unaoshwa, tena mara mbili tatu.

#36 mama_Ilomba
Shikamoo babu. Wa porini sawa, una udongo. Mimi nasema wa kulima.

#37 Babu_wa_Mufindi
Marahaba. Hapo tuko pamoja.

#38 Mkulima_Mamama
Babu umenikumbusha. Watu wananiuliza kwa nini tusilime ule mkubwa wa kwenye vichuguu ambao una ladha kuliko yote. Haulimiki ndugu zangu, unaishi na mchwa. Wao ndio wanaoulea humo ndani ya kichuguu, bila wao hautoki. Huo subirini msimu.

#39 Mwalimu_Sayansi
Jambo jingine dogo la kumsaidia mleta mada. Kabla ya kuoka, uweke juani nusu saa au saa moja, vile vijani vikiangalia juu. Uso unakauka, na uyoga ukipigwa na jua unatengeneza vitamini D. Faida mbili kwa bei moja.

#40 Kijana_wa_Kabwe
Jua la Mbeya mwezi wa 2? Mwalimu unatutania.

#41 Mpishi_wa_Forest
Wakuu, mrejesho. Jumapili nilikuwa na wageni, nikaamua kuwajaribia wao.

Trei ya kwanza: mamama uliofutwa kwa kitambaa kama alivyosema mama, haujaoshwa, lakini nikaujaza. 220. Maji yalitoka. Si bwawa kama zamani ila yalitoka.

Trei ya pili: uliosuuzwa, ukakung'utwa, ukatandazwa kwa nafasi, trei imepata moto kwanza. Ile "chwaaa" ya Fundi niliisikia. Maji yalitoka kidogo yakakauka yenyewe, kingo zikawa kahawia zinavunjika mdomoni. Ilichukua kama dakika 25, niligeuza mara moja. Hii mamama sikuikata kwa kisu, niliichana kwa mkono kufuata nyuzi zake, nadhani imesaidia.

Nikagawa trei ya pili nusu kwa nusu, upande mmoja chumvi mwanzoni, mwingine mwishoni. Mimi naona wa chumvi mwanzoni ndio mtamu, chumvi imeingia ndani. Mke wangu anasema wa mwishoni ndio uliokauka vizuri. Shemeji yangu alikula pande zote mbili akaomba nyama.

Vifungo nao nilijaribu njia ya Makambako ya maji. Ulikuwa kahawia kweli na mafuta hayakuenda mengi, ila kutoka pakiti nzima nilibaki na kiganja kimoja.

#42 Mnyalukolo_Kihesa
Nafasi imeshinda. Funga uzi.

#43 Fundi_Majiko
Nafasi gani, ulibadilisha moto na nafasi kwa pamoja. Trei ya kwanza haikupata moto kabla. Na hiyo "si bwawa kama zamani" ni kazi ya 220.

#44 Mkulima_Mamama
Na uyoga wa Jumapili ulivunwa na nani? Wiki ile mvua haikunyesha. Nunua wa wiki ya mvua uje utuambie.

#45 mama_Ilomba
Uliofutwa ulijazwa, uliooshwa ukapewa nafasi. Hapo umenionea makusudi.

#46 Mpishi_wa_Forest
Mama sikukuonea, trei ni moja inapokezana!

Swali jingine, mafuta gani? Alizeti yananukia sana yakipata 220. Kuna mtu kaniambia ya parachichi.

#47 Shemeji_Makambako
Ya parachichi yaliyosafishwa yanavumilia moto mkali bila kutoa moshi, yanafaa, bei tu ndiyo itakuliza, ingawa parachichi lenyewe linalimwa hapahapa Njombe na Rungwe. Alizeti iliyosafishwa inatosha. Ile ya kukamuliwa mtaani, yenye rangi nzito, ndiyo inayonukia ikipata moto sana. Siagi usitie mwanzo, tia kijiko kimoja uyoga ukishatoka, pamoja na kitunguu saumu na ndimu. Majani ya giligilani ukipenda.

#48 binti_Tukuyu
Ndimu itie ukiwa mezani. Ikiwekwa mapema uyoga unalegea tena.

#49 Mtoto_wa_Loleza
Bado sijashawishika kuhusu mwinuko. Wiki ijayo nashuka Kyela, kule ni mita 500 hivi tu. Nitaoka kule nione tofauti.

#50 Mwalimu_Sayansi
Uyoga mwingine, jiko jingine, hewa nyingine. Utajuaje ni mwinuko?

#51 Mtoto_wa_Loleza
Nabeba uyoga wa Mwanjelwa kwenye basi.

#52 Mkulima_Mamama
Na joto la Kyela, ukifika utakuwa mbolea. Beba oveni, uyoga nitakutafutia mkulima huko huko.